Duka Linapokea Nini? Sarafu za Kidijitali, Bei na Haki ya Mnunuzi

Utangulizi

Tarehe 9 Januari 2014, kampuni ya Overstock ya jimbo la Utah, Marekani, iliyokuwa ikiuza samani, matandiko na vyombo vya nyumbani kupitia mtandao wa intaneti, ilianza kupokea malipo ya bitcoin. Lilikuwa duka kubwa la kwanza la rejareja nchini humo kuchukua hatua hiyo. Watetezi wa sarafu za kidijitali walishangilia. Kwao, siku ilikuwa imewadia ambapo mtu angeweza kununua godoro kwa fedha isiyo na mfalme, isiyo na benki kuu wala mipaka ya nchi. Kabla ya mwaka huo kwisha, Newegg, Expedia, Dell na Microsoft zilikuwa zimefuata nyayo hizo, kila moja kwa kiasi chake.

Zaidi ya mwongo mmoja umepita tangu hapo, na swali lililostahili kuulizwa siku ile lingali linangoja jibu. Duka linapotangaza kwamba linapokea sarafu ya kidijitali, huwa linapokea nini hasa? Makala haya yanashikilia kwamba kitenzi kupokea kimetumiwa visivyo katika matangazo mengi ya aina hii. Aghalabu duka halikupokea sarafu hiyo kamwe. Lilipokea dola zake kama kawaida, baada ya dalali kuivunja sarafu njiani. Sarafu yenyewe, pamoja na hatari zake zote, iliachwa begani mwa mnunuzi. Suala hili linawahusu wanauchumi, lakini linawahusu pia wanafunzi na wahadhiri wa lugha, kwa sababu neno linapopotoshwa sokoni huwa kuna anayefaidi na kuna anayehasirika.

Majina na Maana Zake

Waswahili hawakuanza jana kushika fedha za kila namna. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya ujio wa Wareno, na mojawapo, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana mbali kabisa na bahari, katika magofu ya Great Zimbabwe. Baadaye reale, rupia na shilingi zilipita mikononi mwa watu wa pwani, na lugha ikahifadhi kumbukumbu ya safari hiyo. Neno pesa lina asili yake Bara Hindi. Neno fedha limetoka katika Kiarabu, na hadi leo ni jina la madini yenyewe. Neno sarafu nalo lina uhusiano na mzizi wa Kiarabu unaobeba dhana ya kubadilisha fedha. Katika historia yote hiyo, sarafu ilikuwa na mwenyewe. Jina la sultani au la dola lililochongwa juu yake lilimwambia mpokeaji ni nani wa kuulizwa iwapo ingekataliwa.

Bitcoin ilizaliwa kwa nia ya kumwondoa huyo mwenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 2008, mtu au kundi la watu lililojificha nyuma ya jina Satoshi Nakamoto lilisambaza waraka ulioeleza namna ya kulipana kupitia intaneti bila kupitia benki. Mtandao wake ulianza kufanya kazi tarehe 3 Januari 2009. Badala ya benki moja yenye daftari moja, nakala za daftari lilelile hutunzwa na tarakilishi nyingi zilizotapakaa duniani, na kila baada ya dakika 10 hivi ukurasa mpya wa miamala huongezwa. Anayemiliki sarafu huwa na ufunguo wa siri unaomwezesha kuihamisha. Akiupoteza ufunguo huo, hakuna ofisi ya kumpa mwingine. Idadi ya sarafu zitakazowahi kuwapo imewekewa kikomo cha milioni 21.

Wazungumzaji wa Kiswahili wamezipa sarafu hizi majina kadhaa: sarafu za kidijitali, sarafu za mtandaoni na sarafu fiche. Jina la mwisho linastahili kuchunguzwa. Ufiche unaodokezwa ni wa hisabati inayoilinda sarafu dhidi ya wezi na waghushi. Daftari lenyewe halikufichwa. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma kutoka ukurasa wa kwanza. Mnunuzi anayedhani kwamba amejificha kwa kulipa kwa sarafu fiche anasahau kwamba duka la mtandaoni lina jina lake, nambari yake ya rununu na mahali bidhaa itakapopelekwa. Habari hizo zikishaunganishwa na malipo yake, daftari la wazi linaweza kufichua mengi kuhusu miamala yake ya nyuma na ya mbele. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika sarafu hizi mali na daftari vimekuwa kitu kimoja, na bado mali hupotea. Tofauti ni kwamba habari za kupotea kwake husomeka na ulimwengu mzima.

Bei Ndiyo Shahidi

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi zaidi kuhusu ununuzi kwa bitcoin ni cha tarehe 22 Mei 2010, wakati Laszlo Hanyecz, mtaalamu wa programu aliyeishi Florida, alipotoa sarafu 10,000 na kupata piza mbili. Kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa na wapenzi wa sarafu hizi, na wengi husikitika wakipiga hesabu ya thamani ambayo sarafu zile 10,000 zilikuja kuwa nayo baadaye. Jambo lisilotiliwa maanani ni kwamba duka la piza halikupokea hata sarafu moja. Mtu mwingine alizipokea sarafu zile, naye akaagiza piza na kuzilipia kwa fedha za kawaida. Tangu muamala huo wa awali, basi, dalali alikuwa amesimama kati ya sarafu na bidhaa.

Overstock ilifuata njia iyo hiyo kwa utaratibu mkubwa zaidi. Malipo ya wateja yalipitia Coinbase, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo ilichukua bitcoin na kulikabidhi duka dola. BitPay, iliyoanza mwaka 2011, ilitoa huduma ya namna hiyo kwa wafanyabiashara wengine wengi. Utaratibu wenyewe si mgumu kuufahamu. Mnunuzi huchagua kiti chenye bei ya dola 100. Akichagua kulipa kwa bitcoin, dalali humtolea ankara inayoonyesha kiasi cha sarafu kinacholingana na dola 100 kwa kiwango cha dakika ile. Ankara hiyo hudumu kwa muda mfupi, aghalabu dakika 15 hivi. Muda ukipita, kiwango hupigwa upya. Sarafu zikifika, dalali hukata ada yake na kuliwekea duka dola. PayPal ilipoanzisha huduma kama hiyo nchini Marekani mnamo Machi 2021, ilieleza waziwazi kwamba sarafu ya mteja ingeuzwa papo hapo na mwenye duka angelipwa fedha za kawaida.

Shahidi mkuu katika jambo hili ni kibandiko cha bei. Wanauchumi hufundisha kwamba fedha ina kazi tatu: kupima thamani, kubadilishana bidhaa na kuhifadhi mali. Maduka yaliyotangaza kupokea bitcoin hayakuipa kazi ya kwanza. Kiti kiliendelea kuwa cha dola 100 asubuhi na jioni, huku kiasi cha bitcoin kilichohitajika kikipanda na kushuka kila dakika. Sababu yake ni dhahiri. Mwenye duka hulipa mishahara, kodi na gharama za usafirishaji kwa dola, na faida yake haizidi senti chache kwa kila dola. Hawezi kuandika bei kwa kipimo kinachoweza kupungua kwa moja ya kumi kabla ya jua kutua. Bitcoin ilikaribia dola 20,000 mnamo Desemba 2017, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 4,000. Mchuuzi wa kitambaa hawezi kupima kwa kamba inayorefuka na kufupika mkononi mwake.

Hata nchi iliyoipa bitcoin heshima kubwa zaidi haikuthubutu kuitwika mzigo huo. Sheria ya El Salvador iliyoanza kutekelezwa tarehe 7 Septemba 2021 iliifanya kuwa fedha halali na kuwataka wafanyabiashara waipokee. Hata hivyo, sheria iyo hiyo ilisema kwamba hesabu zingewekwa kwa dola, na serikali ikatenga mfuko wa dola milioni 150 ili mfanyabiashara asiyetaka bitcoin aweze kugeuziwa mara moja. Mnamo Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha Duniani, bunge la nchi hiyo liliondoa ule ulazima wa kuipokea. Amri ya dola yenye polisi na mahakama ilishindwa kulifanya kuwa kweli lile ambalo matangazo ya maduka yalidai kwamba limekwisha kuwa.

Milango Iliyofunguliwa na Kufungwa

Waliofungua milango kwa shangwe, wengi wao waliifunga kimyakimya. Dell iliacha kupokea bitcoin mwaka 2017, na Expedia mwaka 2018. Stripe, kampuni inayoshughulikia malipo ya maelfu ya maduka ya mtandaoni, ilianza kuihudumia bitcoin mwaka 2014 na kuiacha mnamo Aprili 2018, ikieleza kwamba sarafu hiyo ilikuwa imefaa zaidi kuwekezwa kuliko kulipia bidhaa.

Kisa cha Valve, wenye duka la michezo ya tarakilishi liitwalo Steam, kinaeleza sababu kwa ufasaha zaidi. Duka hilo lilifungulia bitcoin mwezi Aprili 2016 na kuifungia Desemba 2017. Lilipoanza, ada ya kutuma malipo katika mtandao wa bitcoin ilikuwa senti 20 hivi za dola. Lilipoacha, ada hiyo ilikuwa imekaribia dola 20, kiasi kinachoweza kuzidi bei ya mchezo wenyewe. Ada ilipanda kwa sababu kila ukurasa wa daftari lile una nafasi chache. Mtandao wa bitcoin humudu takriban miamala 7 kwa sekunde, na watu wanapokuwa wengi, anayetaka kutangulia hulazimika kulipa zaidi. Kwa kuwa malipo yalikawia, thamani ya sarafu iliweza kubadilika kabla hayajafika, na kiasi kilichotumwa kikawa pungufu. Hapo mteja alitakiwa ama kuongeza au kurudishiwa, na katika hali zote mbili alitozwa ada kwa mara ya pili. Mafundi wamebuni njia za kuharakisha miamala na kupunguza ada tangu wakati huo. Njia hizo zimeupunguza ugonjwa wa foleni, ila hazijaugusa ugonjwa wa kipimo.

Bidhaa Inaporudishwa

Siku ya kununua si siku ya mtihani. Mtihani huja siku ambayo viatu vimewasili vikiwa vidogo, au kikombe kimefika kikiwa vipande viwili. Katika biashara ya kawaida, mteja hurudisha bidhaa na hurudishiwa fedha zake, na hakuna anayeuliza fedha zake ni kiasi gani. Katika malipo ya sarafu za kidijitali, swali hilo huwa kiini cha mgogoro.

Mwezi Machi 2021, kampuni ya magari ya Tesla ilianza kupokea bitcoin kutoka kwa wateja wake wa Marekani. Tofauti na maduka mengine, ilitangaza kwamba ingezihifadhi sarafu hizo bila kuzivunja. Mpango huo ulisitishwa mwezi Mei mwaka uo huo, kampuni ikitaja madhara ya kimazingira ya umeme mwingi unaotumika katika kuliendesha daftari la bitcoin. Lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni masharti yake ya marejesho. Kampuni ilijiwekea haki ya kuchagua kama ingerudisha kiasi kilekile cha bitcoin au thamani yake ya dola ya siku ya ununuzi.

Uzito wa sharti hilo huonekana kwa hesabu ndogo. Chukua bidhaa ya dola 600 iliyonunuliwa wakati bitcoin moja ni dola 60,000. Mnunuzi atakuwa ametoa sehemu moja ya mia ya sarafu. Bitcoin ikishuka hadi dola 30,000 kabla ya bidhaa kurudishwa, muuzaji mwenye hiari ya kuchagua atarudisha sarafu, na mnunuzi atajikuta na dola 300. Ikipanda hadi dola 90,000, muuzaji atarudisha dola 600 na kubaki na sarafu iliyokwisha kuwa na thamani ya dola 900. Kwa vyovyote vile, hasara haimfikii muuzaji. Mfano huu si wa njozi, kwa maana bitcoin ilishuka kutoka zaidi ya dola 60,000 hadi chini ya dola 30,000 kati ya Aprili na Julai mwaka huohuo wa 2021.

Yapo pia makosa yanayotokana na majina. Mwaka 2017, kundi la watumiaji wa bitcoin lilijitenga na kuanzisha sarafu yao, ikaitwa Bitcoin Cash. Majina yalifanana, thamani zikawa mbalimbali. Januari 2018, mwandishi wa habari za usalama wa mitandao, Brian Krebs, aliripoti dosari katika malipo ya Overstock. Mteja aliyetolewa ankara ya bitcoin aliweza kulipa kiasi hichohicho kwa Bitcoin Cash, na mfumo ukakubali kana kwamba ni kitu kimoja. Katika jaribio lake, taa za nje zenye bei ya dola 78 hivi zilipatikana kwa sarafu zenye thamani ya dola 12 hivi, na oda ilipofutwa marejesho yalikuja kwa bitcoin halisi. Dosari hiyo ilirekebishwa. Safari hiyo muuzaji ndiye aliyekuwa hatarini. Hata hivyo, ikiwa duka lenye wahandisi wake na dalali mwenye ujuzi waliweza kuchanganya sarafu mbili zenye majina ya kufanana, mnunuzi wa kawaida mwenye rununu yake atanusurika vipi? Naye akituma sarafu isiyo sahihi, au akikosea anwani kwa herufi moja, daftari halina kifungu cha kumsamehe. Muamala ukishaandikwa haufutiki.

Hoja za Watetezi

Haki inataka kwamba upande wa pili usikizwe. Hoja ya kwanza ya watetezi inahusu gharama. Kampuni za kadi nchini Marekani hulitoza duka takriban asilimia 2 hadi 3 ya mauzo, ilhali dalali wa sarafu za kidijitali anaweza kutoza asilimia 1 hivi. Isitoshe, mwenye kadi anaweza kuiambia benki yake irudishe malipo, na wapo walaghai wanaopokea bidhaa kisha wakadai hawakununua chochote. Malipo yasiyofutika humkinga muuzaji dhidi ya hila hiyo. Hoja hii ina ukweli. Lakini ifahamike kwamba kinga ya muuzaji hapa imenunuliwa kwa kumvua mnunuzi kinga yake. Ikiwa duka linaokoa ada na kuepuka ulaghai, mnunuzi aliyebeba hatari hiyo alistahili kupunguziwa bei. Punguzo la namna hiyo halikuwa desturi.

Hoja ya pili ni ya ujumuishaji. Kuna mamilioni ya watu wasio na kadi ya benki, na wengine wanaoishi katika nchi ambazo fedha yake huyeyuka kama barafu juani. Vijana wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi za mtandaoni kwa waajiri wa ng'ambo, baadhi yao hulipwa kwa sarafu za kidijitali kwa sababu njia nyingine ni ghali au zimefungwa kwao. Kwa kijana wa namna hiyo, duka linalopokea sarafu aliyo nayo humwondolea hatua moja ya safari. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na yeyote anayeipuuza hajui shida ya kungoja malipo kutoka ng'ambo. Hata hivyo, mtu aliyefikishwa kwenye sarafu hizo na dhiki ndiye asiyeweza kumudu hasara ya nusu ya mshahara kwa sababu ya jozi ya viatu iliyorudishwa. Haja yake ya ulinzi ni kubwa kuliko ya tajiri anayecheza kamari na akiba ya ziada.

Hoja ya tatu ni ya sarafu thabiti, yaani zile ambazo thamani yake imefungwa kwenye dola moja. Ni kweli kwamba hizi zimerudisha uhai katika jambo zima. Stripe, iliyokuwa imeiacha bitcoin, ilirejea mwaka 2024 ikiwa na malipo ya sarafu thabiti, na Shopify ikatangaza huduma kama hiyo mwezi Juni 2025. Mwezi Julai mwaka huo, Marekani ilipitisha sheria ya kuzisimamia. Lakini urejeo huo unaithibitisha hoja ya makala haya badala ya kuipinga. Sarafu iliyofaulu kuingia dukani ni ile iliyokubali kuwa dola iliyovaa joho jingine. Nayo ina mwenyewe, kampuni iliyoitoa, ambaye ahadi yake ndiyo thamani yote. Ahadi hizo hazilingani. TerraUSD iliporomoka Mei 2022 na kuwafilisi watu wengi. USDC iliteleza kwa siku chache Machi 2023, benki iliyohifadhi sehemu ya akiba yake ilipoanguka, kisha ikasimama tena. Aliyekimbia benki amejikuta akiuliza habari za benki.

Mnunuzi wa Kenya

Nchini Kenya, suala hili linakuja juu ya ardhi iliyokwisha kulimwa. Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, Mkenya amezoea kulipa kwa rununu kwa shilingi, na akituma fedha kimakosa ana pa kupiga simu kuomba zirejeshwe. Maduka ya mtandaoni nayo yalijipatia wateja kwa kuwaruhusu kulipa baada ya bidhaa kufika mlangoni. Desturi hiyo inatokana na busara ya soko: mnunuzi ashike, apime, ndipo atoe. Malipo ya sarafu za kidijitali yanapindua mpangilio huo. Mnunuzi hutoa kwanza, hutoa bila uwezo wa kurudi nyuma, na hutoa kwa kipimo kinachocheza.

Sheria za nchi zimekuwa zikilikaribia jambo hili kwa hatua za kobe. Desemba 2015, Benki Kuu ya Kenya ilitoa ilani ya kuutahadharisha umma kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini na kwamba mwenye kuzitumia hana kinga iwapo soko lake litaanguka. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inapohamishwa. Ile ya 2025 iliiondoa kodi hiyo na badala yake ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Hatimaye, Oktoba 2025, sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ilitiwa sahihi, ikaikabidhi Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kuwapa leseni na kuwasimamia.

Hatua hiyo ni ya kupongezwa, kwa kuwa sasa dalali ana anwani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na dalali aliye ng'ambo hafikiwi na mahakama ya Nairobi kwa urahisi. Bali leseni ya dalali haijajibu swali la mnunuzi na duka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma anazonunua. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili havijakutanishwa. Masharti ya maduka ya mtandaoni aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mnunuzi hubonyeza neno la kukubali bila kujua alichokikubali. Sharti la marejesho kama lile la Tesla, likizikwa katika aya ya ishirini ya maandishi asiyoyaelewa, haliwezi kuitwa habari.

Yapo mambo matatu yanayofaa kudaiwa kwa duka lolote litakalotaka kupokea sarafu hizi kutoka kwa Mkenya. Kwanza, bei iandikwe kwa shilingi, na kando yake kionyeshwe kiwango cha ubadilishaji pamoja na ada zote kabla mnunuzi hajatuma chochote. Pili, marejesho yafanywe kwa thamani ya shilingi ya siku ya ununuzi, na hiari ya kuchagua vinginevyo, ikiwapo, iwe ya mnunuzi wala si ya muuzaji. Tatu, masharti hayo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, yakisema wazi ni nani atakayepokea sarafu: duka au dalali.

Dai la tatu linawaangukia moja kwa moja wasomi wa Kiswahili. Ankara, stakabadhi, dalali, kuvunja fedha, marejesho na dhamana ni maneno ambayo soko la pwani liliyazoea zamani. Hayahitaji kubuniwa, yanahitaji kutumiwa. Istilahi zinazokosekana, kama vile za ufunguo wa siri, daftari la pamoja na sarafu thabiti, zinafaa kusanifiwa sasa, kabla ya kila kampuni kujitungia zake kulingana na maslahi yake. Idara za Kiswahili vyuoni, ambazo zimetumia miaka mingi kujadili iwapo lugha hii inamudu sayansi, zimepewa hapa kazi ambayo matunda yake yanaweza kupimwa kwa shilingi zilizookolewa.

Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba sarafu za kidijitali hazina thamani, wala kwamba duka linalozikubali ni la matapeli. Yanadai kwamba kati ya kupokea na kuvunjiwa kuna tofauti, na kwamba tofauti hiyo humwelekezea hasara mtu mmoja. Duka lililopokea sarafu kwa kweli lingeandika bei zake kwa sarafu hiyo, lingelipa wafanyakazi wake kwa sarafu hiyo, na lingeirudisha bila masharti siku ambayo bidhaa imekataliwa. Maduka makubwa yaliyoshangiliwa mwaka 2014 hayakufikia hapo, na kibandiko cha bei kilikuwa kikilisema jambo hilo tangu siku ya kwanza. Mpaka duka la namna hiyo lipatikane, mnunuzi ana kila sababu ya kuuliza, kwa lugha anayoielewa na kabla ya kubonyeza, atarudishiwa nini, na nani, iwapo viatu havitamtosha.